Namba Aliyosoma Dancille

Evode alinunua gari lile Goma, kwa mtu aliyekuwa akishindana nalo kwenye mbio za magari zamani na sasa alikuwa anahama nchi. Lilikuwa la chini, karibu na ardhi, na turbo yake ilipiga mluzi kila alipokanyaga mafuta. Mashindano hayakuwapo tena tangu vita vifunge barabara, kwa hiyo Evode alilitumia kubeba abiria kati ya Mweso na Kitshanga. Yeye na mkewe Dancille walipata riziki yao kwa gari hilo.

Upande wa abiria, karibu na mlango, palikuwa na kisaa chenye namba nyekundu. Kilionyesha hewa inayoingia kwenye injini ni mara ngapi ya esanse, yaani petroli. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa taratibu, kumi na nne ilikuwa nzuri. Mlimani namba ilipaswa kushuka, maana injini yenye mzigo hutaka esanse zaidi. Ikipanda badala ya kushuka, esanse haitoshi, moto unazidi na pistoni zinayeyuka. Evode hakuweza kutazama kisaa na mashimo ya barabara kwa pamoja, basi Dancille ndiye aliyemsomea.

Jumamosi moja Cyusa, kaka yake Dancille, alipiga simu kutoka Kalembe, alikokuwa akimuuguza mama yao.

"Mama iko anakuita," alisema. "Mukuye mbio, dada."

Esanse iliyopatikana Mweso ilikuwa ya bidoni, ya kuuzwa kwa madumu, imelala muda mrefu. Evode aliichuja kwa kitambaa, akatazama uchafu uliobaki, akatikisa kichwa. Nyingine haikuwapo. Wakaondoka.

Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Watu waliokimbia mapigano walipita upande wa pili, magodoro kichwani, bila kuwatazama.

"Iko ngapi?" Evode aliuliza.

"Kumi na ine."

"Na sasa?"

"Bado kumi na ine."

Walifika kwenye mpando mrefu. Evode alikanyaga, na Dancille akaona namba ikienda kumi na tano, kisha kumi na sita. Alijua maana yake: uchafu umeziba kichujio. Alijua pia kwamba Evode akisikia hivyo atasimama, atafungua, atasafisha, na jua litazama wakiwa papo hapo.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili," alisema Dancille.

"Iko muzuri."

Evode akaongeza mwendo. Namba ikafika kumi na saba. Dancille aliitazama huku amekaza mikono mapajani. Mara injini ikagonga kama nyundo kwenye bati, moshi ukatanda nyuma, na gari likasimama.

Evode alifungua boneti, akakaa ameinama muda mrefu. Mvua ilianza kunyesha.

"Ulisoma muzuri?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana. Nilikudanganya. Nilitaka tufike."

Alingoja atukanwe. Evode alifuta mikono, akafunga boneti taratibu kana kwamba ndani kuna mtu amelala, akachukua mfuko wake.

"Tutembee," alisema.

Walifika Kalembe jioni, wamelowa, miguu imejaa matope. Mama yake Dancille, Nyiransengimana, alikuwa bado anapumua. Dancille alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Francine," mama akasema. "Umekuya."

Francine alikuwa dada mkubwa wa Dancille, aliyekufa siku nyingi zilizopita. Cyusa alitaka kumsahihisha mama yake, lakini Dancille alimzuia kwa macho.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Nimekuya."

Mama hakusema tena. Kabla jogoo hawajawika alikuwa amekata roho.

Walimzika Jumapili, katekista akisoma haraka kwa sababu milio ya bunduki ilisikika upande wa Ntoto. Watu walipotawanyika, Evode alikuja kusimama karibu na mkewe.

"Hata ungeniambia namba ya kweli," alisema, "ningekanyaga tu."

Dancille alimtazama. Alimjua mume wake: hakuwahi hata mara moja kuiendesha injini ikiwa na kasoro. Alifungua kinywa, lakini Cyusa akawaita: watu wanaanza kukimbia kijiji, lazima waondoke pia.

Wakaondoka na wengine, kwa miguu, kupitia njia ya mashambani. Lile gari lilibaki juu mlimani, na hakuna aliyelitaja.