Mzee Tokuji Akanyaga Breki

Siku hiyo mjinga alikuwa Tokuji, na hakuna wa kumsingizia, maana safari aliipanga mwenyewe, njia nzima aliisifu mwenyewe, na kiti alikikalia mwenyewe bila kusukumwa.

Alikuwa na miaka sabini na tisa, arobaini na mmoja kati ya hiyo akiendesha teksi mjini Gifu. Wiki iliyofuata leseni yake ilikuwa inakwisha. Binti yake Chiharu alitaka airudishe polisi kwa hiari, kama wazee wenzake wanavyofanya, apewe cheti na punguzo la nauli ya teksi. Hilo la punguzo ndilo lililomkera kuliko yote. Kumpa dereva wa teksi punguzo la teksi, alisema, ni kumpa samaki mwavuli.

Chiharu hakucheka. Tangu Novemba kicheko kilikuwa kimepungua nyumbani kwao. Ndipo Tokuji alipokuwa akirudisha gari nyuma uani, mkewe Mineko amesimama nyuma anampungia mkono, njoo, njoo, na gari likaruka likambana ukutani. Mguu wa kushoto wa Mineko ulikatwa chini ya goti. Tokuji aliwaambia polisi kwamba breki zilikataa. Fundi akazifungua, akazikuta nzima. Tokuji akasema fundi mwenyewe mtoto wa juzi, hata ndevu bado anaziomba. Mineko alipoulizwa alijibu kwamba hakuona kitu, na tangu hapo hakuligusa tena jambo lile.

Basi Tokuji akatoa shauri. Kule milimani kuna makumbusho ya magari ya zamani, na kila Jumapili wageni huruhusiwa kukaa ndani ya teksi ya mwaka sitini na nne, aina ileile aliyoanzia kazi. Twendeni wote, akasema, mkanione humo. Dereva ambaye miguu yake imesahau kazi hujulikana akikaa tu. Akibabaika, leseni atairudisha. Asipobabaika, Chiharu atatoa funguo za gari alikozificha, na mjadala ufungwe. Chiharu akakubali upesi mno kwa mtu aliyezoea kubisha.

Ndani ya makumbusho kulinukia nta na mpira mkuukuu. Tokuji alikuwa katika raha zake. Gari hili, alisema, lilikuwa likichemsha kila mlima, lile milango yake ilifunguka kwenye kona ikamwaga abiria. Mjukuu wake Nagi, binti wa miaka saba, alimfuata akicheka, na kadiri alivyocheka ndivyo babu alivyozidi kutia chumvi. Mineko alisukumwa na Chiharu kwenye kiti cha magurudumu, blanketi limekunjwa pale mguu ulipoishia.

Teksi ilikuwa nyeusi, imesuguliwa mpaka unajiona. Mlinzi mwenye glavu nyeupe akamfungulia mlango. Injini haikuwa na mafuta, akaeleza, ila betri ilikuwa imeunganishwa: ukikanyaga breki, taa nyekundu zinawaka nyuma, na watoto hupenda kuziona. Nagi akakimbilia nyuma, akamvuta na bibi yake. Nafasi ya kiti chake ilikuwa hapo tu, kati ya gari na ukuta.

Tokuji akaketi. Mkono ukaikuta gia ubavuni mwa usukani bila kuitafuta. Akamtazama Chiharu dirishani.

"Unaona? Miaka kumi na moja nililala ndani ya gari kama hili zaidi kuliko nilivyolala na mama yako."

"Kanyaga, Babu," Nagi akaita.

Akakanyaga.

"Bado."

Akakanyaga tena, kwa nguvu zaidi.

"Haziwaki, Babu. Kanyaga kweli."

Akakandamiza mpaka pedali ikagota sakafuni. Katika kioo cha katikati akamwona Mineko. Alikuwa ameshika magurudumu kwa mikono miwili, anajirudisha nyuma polepole, macho hayabanduki kwenye taa, mpaka kiti kikagonga ukuta. Hakuwa na pa kwenda tena, lakini mikono yake iliendelea kusukuma.

Mlinzi akainama, akachungulia miguuni. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee wangu. Hapo umekanyaga pedali ya mafuta. Breki ni hii ya katikati."

Tokuji akatazama. Kiatu chake kilikuwa juu ya pedali ya mafuta, huku unyayo wake bado ukimwapia kwamba ni breki.

Angenyamaza, angeokoa kitu kidogo. Lakini alishuka akibwata. Taa zenyewe mbovu, nani amezipima? Pedali za gari hili zimebanana mno, zilitengenezwa kwa watu wenye miguu ya sungura. Na hivi viatu alivyonunuliwa na Chiharu, soli nene kama tofali, vingempotosha hata rubani. Chiharu alikuwa ameshamfikia mama yake, amemshika mabega. Nagi alikuwa analia, wala hajui analilia nini. Mlinzi alijishughulisha kufuta mlango ambao haukuwa na vumbi.

Ndipo Tokuji akamgeukia mkewe, shahidi wake wa miezi mitano.

"Waambie basi, Mama Chiharu. Breki za siku ile si zilikuwa mbovu?"

Mineko akayaachia magurudumu. Akalinyoosha blanketi lake kwanza.

"Zilikuwa mbovu," akasema. "Taa nazo mbovu, fundi mbovu, viatu vibovu. Kizima kilikuwa mguu wangu tu, Baba Chiharu."