Monita Tatu na Uso wa Dobri

...lakini ile kubwa, aliwaza Nevena, ile kubwa ina kioo kama dirisha la basi, na mtu akishazoea kioo kama kile akirudishwa kwenye kidogo ni sawa na kuhamishiwa stoo, ila mbona pembeni ina ukungu, au ni macho yangu, au ni vumbi, humu chini ya ghorofa kwa Stamen kila kitu kina vumbi, monita za chogo zimerundikwa hadi darini, zimegeuza visogo kama watu walionuniana, zote zilikuwa za maofisi ya Ujerumani, Wajerumani wamezichoka, lori limezileta huku kwetu mjini Plovdiv, sasa ni zetu, na Stamen mwenyewe, lijitu la tumbo na sweta, amesimama katikati yake na kipande cha andazi la banitsa mkononi, jibini inamdondokea kifuani, na anasema jambo, anasema, "...ya mwanasheria hiyo, dada, wa Hamburg, na mwanasheria wa Hamburg hakai ofisini, yuko ziwani na mashua yake, kwa hiyo hiyo monita ni bikira kabisa," naye Nevena alitikisa kichwa kama aliyesikia, kumbe alikuwa anaitazama kwa pembe ya jicho, ndivyo inavyotakiwa, ukiikazia macho kioo hukudanganya, uitazame kama unayepita tu ndipo uone kama inapepesa, na ile kubwa ilikuwa inapepesa, kidogo sana, kama kope la mtu mwongo, saa moja ya kazi na kichwa kingempasuka, ila ni kubwa, na kazi yake ni nyuso, nyuso za marehemu, watu humletea picha iliyokunjwa ndani ya pochi miaka ishirini naye huitoa mikunjo na madoa mpaka uso uwe safi kwenye karatasi ya msiba, ile inayobandikwa mlangoni na kwenye miti ya mtaa, na kwa kazi hiyo kioo si anasa, ni jembe, ila leva mia na ishirini ndizo zote alizo nazo, na kubwa inataka zaidi, na jana ile ya nyumbani ilipiga paa! ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikafa, na ikafia wapi, ikafia kwenye ukingo wa kofia, pale pale alipokuwa anaikuza picha ya...

si ya baba, ya Dobri, kichwani alimwita Dobri, kama anavyowaita wateja, marehemu Dobri, arobaini Jumamosi, mji Burgas, ndivyo Ralitsa alivyosema kwenye simu, Ralitsa binti wa mke wa pili, sauti ambayo Nevena hakuwahi kuisikia maishani, laini, ya mtu aliyelia akaoga, "Dada Nevena? Samahani, hunijui. Baba yetu amefariki," baba yetu, alilitamka hivyo bila kukwama, kama mtu anayesema chumvi yetu, mlango wetu, "wameniambia wewe ni fundi wa picha, na sisi tunayo moja tu, hakupenda kupigwa picha, nimeituma kwa posta, utafanya unavyoona," na ikaja, wanaume wanane kwenye shamba la mizabibu, kila uso kama ukucha wa kidole cha mwisho, na nyuma kwa kalamu, wa tatu mwenye kofia, basi, wa tatu mwenye kofia, miaka arobaini na mmoja ya kutomjua mtu halafu anakuja kama hesabu ya foleni, maana nyumbani hakuna picha yake hata moja, mama alipitia zote kwa mkasi Nevena hajaota meno, hata ya harusi, mama peke yake na shela lake, na begani kwake mkono, mkono tu, hauna mwenyewe, mama aliuacha kwa sababu angeukata angejikata na bega, na kila Nevena alipouliza uso wake ulikuwaje mama alijibu lile lile, mwekundu, mwanangu, mwekundu kama pilipili za Septemba, na hasira zake zilikuwa za rangi hiyo hiyo, na asubuhi hii akipiga kiwi viatu vyake mlangoni akasema, "Itengeneze, kazi ni kazi, lakini karatasi ile isibandikwe kwenye mlango wangu..."

"Dada, upo?" Stamen alikuwa anatikisa vidole vyenye mafuta mbele ya uso wake. "Nasema, disketi unayo? Usinunue kwa maneno yangu, mimi ni mwongo, mke wangu atakuthibitishia. Weka picha yako, uone mwenyewe."

Disketi yenye picha ya Dobri ilikuwepo, kwenye mfuko wa koti, ilikuwa imeshika joto lake, akampa, na alipompa tu akataka kuinyang'anya, kwa sababu hakuwa amefikiri, alifikiria inchi na ukungu na kupepesa, hakufikiri kwamba ataiona sura hiyo mara ya kwanza hapa, mbele ya mtu anayekula, lakini Stamen alikuwa keshaitia, ana kisanduku chake kinachogawa picha moja kwenda monita tatu, kompyuta ikakoroma, na hao wakaja, juu kwenda chini, kofia, paji, macho, watatu kwa mpigo, Dobri watatu.

Kwenye ile kubwa alikuwa mgonjwa, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, mashavu ya buluu, mtu wa kuhurumiwa, mtu ambaye pengine aliondoka kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubaki, kwenye ya kati alikuwa mwekundu, eeh, mwekundu kweli, pua, masikio, shingo, huyu hapa, mama hakudanganya, huyu ndiye, pilipili ya Septemba, na kwenye ndogo hata hakutazama, ndogo ina mistari miwili myembamba kama unywele imekatiza kioo, mmoja unapita kwenye paji la uso wa mtu na mwingine kidevuni, nani anunue kitu chenye mikwaruzo, ya kati, ya kati ina bei yangu, haipepesi, ya kati, lakini subiri, rangi ni moja, disketi ni moja, waya ni mmoja, iweje mtu mmoja awe watatu, nani hapo anasema kweli, na Stamen akafuta mikono kwenye suruali akasema, wala hakukusudia ubaya, "Rahisi tu. Chukua ile anayofanana na mwenyewe. Si unamjua?"

Si unamjua. Ningemjulia wapi, kwenye kitambulisho, pale tu, Nevena Dobreva, jina la katikati la kila mtu ni la baba yake, amelitia sahihi shuleni, benki, kwenye hati ya talaka yake, Dobreva, Dobreva, ni kama kubeba sanduku la mtu maisha yote bila kujua ndani mna nini, si unamjua, na wale watatu wakimtazama kutoka chini ya kofia ile ile, mgonjwa, mwenye hasira na aliyekwaruzwa, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ya kati, ukagusa kitufe cha mwangaza, akaongeza kidogo, akawa mwekundu zaidi, akapunguza, bado mwekundu, na akahisi raha fulani ya ajabu, raha ya mtu anayekuta mlango umefungwa vile vile alivyouacha, halafu akajisikia kama anaiba, maana fundi gani anafanya hivi, mteja akileta picha iliyogeuka rangi huanzi na uso, uso hukuambia unachotaka, unaanza na kitu unachokijua, kola ya shati, chumvi mezani, theluji...

"Mzee Stamen, niwekee ukurasa mweupe."

"Mtupu?"

"Mtupu."

"Watu huja kutazamia mpira, wewe unataka kutazama shuka," alisema Stamen, lakini akaweka, na Dobri wote watatu wakatoweka, na ile kubwa ikawa nyeupe katikati na chafu pembeni, kama shuka kweli, lililoanikwa karibu na moshi, na ya kati, ya kati haikuwa nyeupe kabisa, ilikuwa rangi ya ufizi, juu hadi chini ufizi mtupu, na ile ndogo ilikuwa nyeupe, nyeupe basi, na mistari yake miwili.

Stamen alikohoa. "Eh. Hiyo ya kati imezeeka. Zikichoka huwa hivyo, nyingine hukimbilia wekundu."

"Na ulitaka kuniuzia."

"Mimi? Mimi nimeisifu kubwa tangu uingie. Ya kati wewe ndiye uliyeikodolea macho, mimi nimekutazama tu."

Na ni kweli, mtu huyu mwongo alikuwa anasema kweli, Nevena ndiye, alisimama mbele ya kioo kilichochoka akafurahi kwamba kinakubaliana na mama, na mama naye... hapana, mama alikuwa na haki yake, mama alibaki na mtoto mchanga na majira ya baridi, mama aliona alichokiona, lakini aliona mwaka ule mmoja, na baada ya mwaka ule mtu yule aliendelea kuamka kila asubuhi Burgas, kuna watu waliomwona akinyoa ndevu, kuna sauti laini kwenye simu iliyolia kwa ajili yake, je, hiyo nayo niikate kwa mkasi, na mbona nakasirika sasa, na ninamkasirikia nani... "Irudishe picha," alisema, "kwenye ndogo tu."

"Mistari hiyo si mikwaruzo," alisema Stamen akichomoa waya na kuchomeka mwingine. "Ni nyuzi, ziko ndani, zinashika mambo yasitikisike. Monita za namna hiyo zote zinazo. Kesho hutaziona."

"Nitaziona."

"Leo utaziona. Kesho hutaziona."

Na akaja tena, kofia, paji, macho, peke yake safari hii, wala hakuwa mwekundu wala mgonjwa, alikuwa mzee aliyepigwa na jua, amekunja macho kwa mwanga, ana unywele hapa na pale palipopitwa na wembe, mdomo umefunguka kidogo kama mtu aliyeitwa akiwa anaongea na mwingine, wala hakuwa mbaya, hapo ndipo palipouma, hakuwa mbaya na hakuwa mzuri, hakuwa na chochote usoni cha kueleza kwa nini, Nevena alitafuta, alitafuta kama anavyotafuta doa, kwenye macho, kwenye mikunjo ya mdomo, hakuna, kilichokuwepo ni kidevu, na kidevu kile anakijua, anakipaka krimu kila siku, kina kishimo katikati, mama alizoea kukishika kwa vidole viwili Nevena alipokuwa mdogo na kukiachia ghafla, naye hakuwahi kujua kwa nini anakiachia.

"Nani wako huyu?" Stamen aliuliza, ameinama, anaangalia kioo kama jirani anayechungulia dirishani. "Mteja?"

Na jibu lilikuwa tayari mdomoni, eeh, mteja, marehemu wa Burgas, ni neno jepesi, limezoeleka, lakini mdomo ulikwenda kwingine, ukaenda mahali ambapo haujawahi kwenda tangu ujue kusema, ukakuta neno lipo pale, zima, dogo, kama la mtoto. "Baba yangu."

Stamen akavua kofia yake ya sufu. "Mungu amsamehe," alisema, kama anavyosema kila mtu, mlangoni, makaburini, kwenye foleni ya mkate, na kama inavyopasa Nevena akajibu, "Mungu amsamehe," na alikwisha kulisema mara elfu kwa marehemu wa watu bila kulisikia, sasa akalisikia, Mungu amsamehe, sawa, na afanye, hiyo ni kazi ya Mungu, hakuna aliyesema ni kazi ya leo ya Nevena, mimi bado sijui, mimi ndiyo kwanza nimemwona, na hicho kivuli cha kofia nitakitia mwanga kidogo tu, nisimfanye kijana, nisimfanye malaika, nitampigia Ralitsa nimuulize macho yake yalikuwa rangi gani, yeye anajua, kuna mtu duniani anayejua, naweza kumuuliza...

"Basi, dada?" Stamen alikuwa na waya mmoja mkononi, na ile kubwa bado imekaa na shuka lake chafu, na vumbi, na jibini kwenye sweta. "Nikufungie hii ndogo? Niizime?"

"Ndiyo, hiyo," alisema Nevena. "Lakini usiizime kwanza."