Bima ya Marehemu

Barua ilimwarifu marehemu kwa heshima zote: kwa kuwa ameitwa ofisini mara mbili na hakufika, bima ya gari lake imefutwa. Mjane wake, mshonaji, aliisoma akaona kampuni haina kosa. Mwenyewe yuko kaburini mwaka wa pili sasa.

Kosa lilikuwa lake yeye. Aliendelea kulipia kwa jina la mumewe, maana kubadilisha jina kulitaka aseme amekufa, na hilo lilimshinda. Sasa dada yake alikuwa wa kupelekwa hospitali Jumatano kusafishwa damu, na gari lisilo na bima halitoki getini.

Karani wa bima, kijana mpole mwenye tai ndefu kupita mkanda, alimweleza la kufanya. Alete cheti cha kifo, abadilishe umiliki wa gari, ajaze fomu upya. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi, akate rufaa, ajaribu kampuni nyingine.

"Ila utakataliwa, mama. Baba ana miaka tisa bila ajali, hapo nimeshatoa miwili aliyokuwa kaburini. Wewe una miaka sitini na miwili na huna rekodi. Kwetu umeanza kuendesha leo asubuhi."

Miaka tisa hiyo yote ilikuwa ya mshonaji. Macho ya mumewe yalikuwa yamefifia, na kwa kiburi alichozaliwa nacho hakutaka jirani yeyote ajue. Mke aliendesha kila safari mpaka kona ya duka. Hapo walibadilishana viti, mzee akalifikisha gari nyumbani kwa kukariri, mke akimnong'oneza kushoto na kulia.

"Je, kama nilikuwa naendesha mimi?"

"Bima iliruhusu yeyote mwenye leseni. Lete mashahidi, kwa maandishi."

Kumwanika mume aliyekufa kulimuuma kuliko kufutiwa bima. Lakini dada hakuwa na muda wa kungoja. Alimeza aibu, akaenda kwa mwenye duka pale kona.

"Shemeji, nina jambo ambalo hakuna anayelijua."

"La viti?" aliuliza mwenye duka, akiendelea kupima sukari.

Mwenye duka aliandika barua papo hapo, akaipitisha nyumba kwa nyumba. Ilirudi na sahihi kumi na nne. Karani aliisoma mara mbili, akakohoa, na Jumanne bima ikatoka kwa jina la mshonaji.

Alirudi dukani kushukuru, lakini kilichomtoka ni hasira. Miaka tisa, watu kumi na wanne, na hakuna aliyefungua kinywa!

"Tungesemaje, shemeji?" alisema mwenye duka. "Mkionekana tu kwenye kona, tunaondoa watoto barabarani. Halafu tunajipanga kumwamkia dereva."