Gari la Fundi Bati

Mtaa mzima ulimwita Mama Sponji. Alikuwa fundi wa makochi, na popote ungemkuta, sokoni au msibani, hakukosa chembe za sponji begani au kwenye nywele. Mumewe walimwita Fundi Bati, kwa kuwa nyumba nyingi za mtaani pale aliziezeka yeye. Waliendelea kumwita hivyo hata baada ya kuanguka kutoka juu ya paa la ghala na kuumia uti wa mgongo. Tangu siku ile miguu ikawa yake kwa jina tu.

Kila alipotakiwa hospitali, vijana wawili wa jirani walikuja kumbeba, mmoja makwapani na mwingine magotini, wakimpitisha mlangoni ubavuubavu kama kabati. Walikuwa vijana wema, hawakulalamika hata siku moja, na wema huo ndio uliomuumiza zaidi. Alikuwa akifumba macho mpaka wamweke kwenye teksi. Mwishowe akaanza kusema hajisikii kutoka. Akashinda chumbani na redio yake, na kila alichoulizwa akajibu, "Sawa tu." Umechelewa kupika? Sawa tu. Watu wanakusalimia. Sawa tu. Mama Sponji, aliyeolewa na mtu mbishi asiyekubali hata saa ya ukutani imwambie wakati, alianza kuyachukia maneno yale mawili kama matusi.

Ndipo alipoliona lile gari kwenye simu ya mteja wake. Lilikuwa gari kuukuu lililotumika ng'ambo kubebea wazee. Nyuma lilikuwa na daraja la chuma: ukibonyeza kitufe linakunjuka taratibu mpaka chini, mtu anapanda na kiti chake cha magurudumu bila kushikwa na yeyote. Mama Sponji alishona makochi mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu, na gari likaja. Kadi ya gari aliiandikisha kwa jina la mumewe, kwa makusudi. Hakutaka apande gari la mkewe kama mzigo. Alitaka apande gari lake.

Siku lilipoingia uani, Fundi Bati alipanda na kushuka lile daraja mpaka mkewe akamwambia betri itakufa. Akauliza wataondoka lini. Mama Sponji akasema bado bima tu, akalisema hilo neno "tu" kwa moyo mweupe kabisa.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwepo, lakini mbele ya mlango wake paliwekwa kiti cha plastiki, na mlinzi alikikalia kama mtu aliyehamia. Mama Sponji akapanda ngazi. Juu akamkuta karani, kijana mwenye tai na sauti ya upole, akamweleza shida yake. Karani akauliza gari limetengenezwa mwaka gani. Alipojibiwa, akatikisa kichwa. Gari la umri ule halipewi bima kubwa. Likiungua, likiibiwa, likigongwa, hiyo ni juu ya mwenyewe. Mama Sponji akamuuliza kama amekuja kulikatia bima au kulitafutia mchumba, maana maswali ya umri yamezidi. Karani hakucheka. Akasema lipo la kufanya, bima ndogo, ile inayowalipa wale utakaowagonga wewe.

Akakubali. Barabarani huendi bila bima, na mumewe alikuwa anangoja.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Alikuja mkaguzi, akalizunguka gari, akapiga picha, akaandika kwamba limebadilishwa umbo na lile daraja la nyuma ling'olewe kwanza. Mama Sponji akapanda tena ngazi kueleza kwamba hakuna aliyelibadilisha, limezaliwa nalo kiwandani. Wakamwambia alete uthibitisho. Akauleta. Wakamwambia mkubwa anayehusika yuko safarini. Alirudi, akaambiwa mkubwa amerudi lakini yuko kikaoni. Walimpiga danadana hadi mlinzi wa chini akaanza kumsalimia kama jamaa yake, na kila alipofika nyumbani alimkuta mumewe amekiegesha kiti mlangoni, akimtazama mikono kabla ya kumtazama uso.

Siku moja karani akamwambia jambo limekubalika. Daraja litabaki, ila mwenye gari atie saini kwamba amekubali dhamana juu yake. Mama Sponji akavuta kalamu. Karani akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Mwenye gari ni wewe?"

"Ni mume wangu."

"Basi aje yeye. Saini inatiwa hapa, mbele ya afisa."

"Hawezi kutembea. Unadhani hilo daraja ni pambo?"

Karani akasema pole, wanaweza kumleta taratibu. Mama Sponji akauliza wamlete kwa njia ipi, ilhali lifti yao ni kaburi. Karani akajibu kwamba lifti inashughulikiwa. Basi nitamleta chini mlangoni, akasema mwanamke, nawe ushuke na karatasi yako, ni dakika chache. Karani akamtazama meneja, ambaye alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Meneja alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye tabasamu la kumpa kila mtu.

"Mama yangu," akasema, "tukianza kushuka kwa mmoja, itabidi tushuke kwa wote."

Mama Sponji alitaka kusema neno, akaogopa neno lenyewe litakavyokuwa, akateremka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Jioni ile alikata kitambaa cha kochi la mteja akakiharibu, akakata kingine, nacho kikaenda upogo. Akatupa mkasi, akaingia ndani, akammwagia mumewe yote, tangu kiti cha plastiki hadi kikombe cha chai. Fundi Bati alizima redio. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja: ngazi zenyewe ni pana kiasi gani, na zina reli ya kushika? Mkewe akamjibu kwa ukali kwamba anaulizia mapambo ya jehanamu. Lakini akamwambia.

Asubuhi Fundi Bati alikuwa amevaa shati jeupe na suruali yake nzito ya kazi, ile ya kupandia mapaa. Akasema iitwe teksi. Kwa muda mrefu hakuwahi kuomba kutoka, kwa hiyo Mama Sponji hakuuliza mengi. Alidhani mumewe ataketi pale mlangoni, watu wamwone, na aibu iwashushe wale wa juu.

Dereva wa teksi akasaidiana na Mama Sponji kumshusha na kumkalisha kwenye kiti chake, wakamsukuma mpaka chini ya ngazi. Mlinzi akainuka. Fundi Bati akafunga breki za kiti, akajitupa mbele kwa mikono, akageuka na kuketi kwenye ngazi ya kwanza, mgongo ukielekea juu. Akaweka viganja ngazi ya nyuma yake, akajiinua. Matako yakapanda, miguu ikafuata ikiburuzwa.

"Fundi, unafanya nini?" mkewe akauliza, ingawa alikuwa anaona.

"Naenda kutia saini."

Akamwambia aache. Akamwambia kwamba hawa watu hawastahili, kwamba suruali itachanika, kwamba mabega yake yanauma tangu juzi. Akamshika mkono. Fundi Bati akautoa mkono ule bila kumtazama, akapanda ngazi nyingine. Wateja waliokuwa wakishuka walijibana ukutani. Mmoja akainama kumsaidia, akaambiwa asante, apite. Mama Sponji akawa anapanda naye, huku akiwa hajui amkasirikie nani kwanza. Alimkasirikia karani, alimkasirikia meneja, alilikasirikia lile gari. Zaidi ya wote alimkasirikia huyu mwanamume mwenye shati jeupe aliyekuwa akipanguza vumbi la viatu vya watu wote kwa suruali yake, na hakumwambia mkewe hata neno kwamba ndivyo atakavyofanya.

Walipofika ghorofa ya kwanza jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni. Habari ilikuwa imeshatangulia. Meneja akashuka mbio, tabasamu limemtoka, karani nyuma yake na karatasi mkononi.

"Mzee, tafadhali. Tumekuletea hapahapa. Usijisumbue."

Fundi Bati alipumzika, akawaangalia kutoka chini.

"Mke wangu ameniambia ukishuka kwa mmoja itabidi ushuke kwa wote," akasema. "Sitaki kukuharibia kazi, mwanangu. Nipishe."

Wakampisha. Hawakuwa na la kufanya ila kupanda nyuma yake, polepole kama wanavyopanda watu nyuma ya jeneza, na kila alipotua wao wakasimama. Ghorofa ya pili mikono ilimtetemeka, akateleza ngazi moja, kiwiko kikagonga ukingo. Mama Sponji alisikia ule mlio wa mfupa na saruji. Akamgeukia meneja. Hakupiga kelele, sauti ilitoka chini, nzito.

"Umri wa gari letu mmeuona siku ileile. Hii lifti yenu imekufa tangu lini, na nani anaikagua?"

Meneja akaanza kusema kwamba jengo si lao, wao ni wapangaji, wameshaandika barua. Mwanamke akamwambia anyamaze.

Juu, Fundi Bati alijiburuta mpaka mbele ya kaunta, akaketi sakafuni. Kiti kilipoletwa alikikataa. Karani ikambidi apige magoti na tai yake, karatasi juu ya faili, kalamu mkononi. Viganja vya Fundi Bati vilikuwa vimechubuka, na saini ikatoka na alama ya damu pembeni. Karani akauliza kwa sauti ndogo kama aandae nyingine safi. Fundi Bati akasema hiyohiyo, ndiyo yake.

Mama Sponji akaulizia tena bima kubwa, kwa vile sasa karani alikuwa magotini. Meneja akasema kwa kweli kanuni ya umri haiko mikononi mwake. Hapo, angalau, alionekana kusema kweli. Wakapewa bima ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kwenda na kurudi haikuwachukua muda.

Kushuka, Fundi Bati hakuwa na mikono tena. Akamwita mlinzi na dereva wa teksi, akawaambia wamshike vizuri, mmoja huku na mwingine huku, na akawaelekeza kila kona kama alivyokuwa akiwaelekeza wasaidizi wake wakipandisha mabati. Macho alikuwa ameyafumbua.

Ndani ya teksi neno likamtoka Mama Sponji.

"Umenidhalilisha."

"Nimekudhalilisha wewe? Niliyeburuzika ni mimi."

"Ungeniambia. Mimi ni mkeo, si mpita njia wa kukupisha ngazini."

"Ningekuambia ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Ungevunjika na shingo, nani angekuuguza?"

"Na wewe umenunua gari, ukaandika jina langu, ukapanda zile ngazi peke yako kila siku unarudi unalia jikoni unadhani sisikii. Uliniuliza mimi? Ungeniuliza ningekwambia gari la miaka ile litatusumbua bima."

Mama Sponji akasema mumewe anajifanya anajua kila kitu, kama kawaida yake. Naye akajibu kwamba ndiyo, mambo mengine anayajua, ameanguka paa hakuangukia ubongo. Wakaendelea hivyo, hakuna aliyempa mwenzake nafasi ya kupumua, wakafukua na mambo ya kabla ya ajali, mpaka ya mama mkwe. Dereva alikuwa akisikiliza kwa bidii hata akaipita kona yao, wakamgombeza wote wawili kwa pamoja.

Teksi iliporudi nyuma kuitafuta kona, Mama Sponji alishtuka. Mumewe alikuwa amegeukia dirisha, amenuna, mishipa ya shingo imemsimama. Tangu aanguke, walikuwa hawajagombana. Yeye alikuwa akimvumilia kama mgeni mgonjwa, naye mumewe alikuwa akishukuru kama mgeni. Hakumwambia hilo. Bado alikuwa na hasira naye, na kiwiko cha mtu kilikuwa kimevimba kama embe.

Walipofika uani hakumpeleka ndani. Alibandika kibandiko cha bima walichopewa kwenye kioo cha gari lao, akabonyeza kitufe, daraja likashuka. Fundi Bati akalipanda kwa viganja vyake vilivyochubuka, akafunga breki, akasema kwa ukali kwamba kioo cha nyuma kina vumbi, mtu anaendeshaje bila kuona nyuma.

"Basi shuka ukifute," mkewe akasema, akawasha gari.

Wakatoka getini wakiendelea kubishana ni njia ipi iliyo fupi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema wanakwenda wapi.