Mama Hakufungua Kinywa

Katika ukoo wetu wa Kivu, mama mkwe hafungui kinywa mbele ya mume wa binti yake. Mama yangu, Mathilde, anaishi nasi huku ughaibuni, Evere, tangu nilipojifungua Sephora, lakini Guylain, mume wangu, hajawahi kumwona akitafuna.

Kwa hiyo jino lilipomvimbisha shavu, mama alijifunika kitenge hadi puani, nasi tukadhani ni ile heshima yake. Homa hakuwa nayo. Anachomwa sindano za baridi yabisi. Zinatuliza viungo, lakini zinapunguza pia kinga ya mwili. Usaha unaweza kutambaa mpaka shingoni na homa isipande. Hayo nimeelezwa hospitalini.

Mchana kitenge kilianguka. Shingo ilikuwa imevimba, ngumu kama ubao, mate yanamtiririka. Nikaita ambilansi.

Wahudumu wawili walipofika, wakataka kumwangalia kinywani. Akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo Guylain alikuwa amemkalisha, amemshika kwa nyuma.

"Maman, fungua kidogo," nikamwomba.

Akatikisa kichwa. Akamnyoshea Guylain kidole chake kilichopinda.

"Anataka utoke," nikasema.

"Nikitoka, nani atamushika? Weye, na mikono ya kubeba biberon ya maziwa ya mtoto?"

"Bon, funga macho basi!"

"Nimefunga. Maman, mi sioni kitu, kweli."

Mmoja wa wale wa ambilansi, asiyeelewa lugha yetu, akaniuliza kama tunasali.

Mama aligeuka, akahakikisha. Kisha akajaribu. Taya likakataa. Akajaribu tena, machozi yakamtoka, meno yakaachana kidogo tu, hata kidole kisingepita. Yule mtu akaacha kuniuliza maswali, akaanza kusema na mwenzake haraka haraka.

Sasa tumekaa nje ya chumba cha upasuaji, Sephora amelala mapajani pangu. Daktari amesema watapitisha mpira wa hewa kooni. Ikishindikana, watatoboa shingo. Halafu ndipo watoe usaha.

"Atapona?" nilimwuliza.

"Tutafanya yote tunayoweza, madame."

Mlango ukafungwa. Sina cha kushika, sina cha kupika, sina wa kumpigia simu anayeweza kuufungua.

"Alikuwa anavuta pumzi," Guylain akasema, mkono kifuani. "Nilimusikia hapa. Ngumu, lakini alikuwa anavuta."

"Mpaka mwisho? Mpaka walipomchukua?"

"Mpaka mlangoni."

"Niambie tena," nikasema.