Aliyeweka Kilemba Chini

Ferdinand Nsanzimana hakujua Kihindi. Hilo tuliseme mapema, lisije likatusumbua mbele. Miaka mitatu alikuwa karani katika duka la vitambaa la Jivraj, Muhindi mmoja wa kule Himbi karibu na ziwa, na katika miaka yote hiyo alikuwa ameokota salamu, neno la kumwita mtoto aje ale, na matusi mawili ambayo hata maana yake hakuijua. Lakini Jivraj alipoletewa sinema kutoka Kampala, sinema ya mapenzi ya kwao Uhindini, alimtazama karani wake toka kichwani mpaka viatuni, akamwambia kwamba Jumapili baada ya misa watu wataruhusiwa kuingia depo, ghala lake la mizigo, kutazama, na yeye ndiye atakayewaelezea, maana mdomo anao.

Zamani zile, nasema mwaka wa hamsini na sita, sinema bila mwelezaji haikuwa sinema. Hata mapadri walipoonyesha zile zao za mbu na za kunawa mikono, waliweka mtu kando ya shuka na fimbo mkononi, awaambie watu huyu ni nani na anasema nini. Watu wakirudi kwao walimsifu mwelezaji kuliko picha. Ferdinand akakubali kabla hajafikiri. Alimwomba Jivraj amsimulie kisa chote, na Jivraj akasema kisa ni chepesi: kijana anampenda msichana, wazee wanaleta matata, mwisho wanaoana. Kisha akaingia mteja wa khanga, na maelezo yakaishia hapo.

Ferdinand aliona hahitaji zaidi, kwa sababu matata ya wazee ndiyo yaliyokuwa yakimnyima usingizi. Alimpenda Séraphine, binti ya Muzee Habarurema wa Kibati. Séraphine alimpenda pia, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yao isipokuwa baba zao, ambao walikuwa na maneno mabaya wao kwa wao.

Muzee Sebahire, baba yake Ferdinand, na huyo Habarurema walishuka pamoja kutoka milima ya Masisi wakiwa vijana, wakajenga Kibati, wakachunga pamoja, wakanywa kwa mrija mmoja. Halafu ng'ombe wa Sebahire wakabomoa ukuta wa mawe wakaingia katika mtama wa Habarurema, kesi ikafika kwa chifu, na Sebahire akashindwa. Wiki moja baadaye Habarurema mwenyewe alikuja kwake na mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, ili yaishe. Sebahire hakuinywa. Aliuacha mtungi uani kwenye jua mpaka povu likakauka na kuku wakaufanya kituo chao. Toka siku ile, miaka minne, hawakuwa wamepeana hata salamu ya njiani.

Sasa ndugu za Julien, dereva wa lori wa Rutshuru, walikuwa wametuma habari kwamba watakuja mwisho wa mwezi kumwomba Séraphine. Habarurema alimwambia binti yake bila kuzunguka. Yeye hana shida na Ferdinand, alisema, ila kijana hajiombei muke kama anayenunua sabuni. Baba yake aje kwa miguu yake, asimame mbele ya watu, avue kofia, aseme anachotaka, kama inavyofanyika toka enzi za wazee wetu. Neno hilo likamfikia Sebahire, naye akajibu kwamba kofia yake itavuliwa katika uwanja ule siku atakapobebwa na watu wanne.

Basi Ferdinand hakutulia. Alipima kitambaa kimoja mara mbili na bado akakikata vibaya. Jioni alipanda kwenda Kibati bila sababu na asubuhi akashuka bila sababu, viatu vikiliwa na mawe ya volkano. Mwezi ulikuwa unakwenda, na yeye hakuwa na la kufanya ila kutembea.

Jumapili ile depo ilijaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka likatundikwa ukutani, na binamu wa Jivraj, aliyekuja na mashine na asiyejua Kiswahili cha huku, akakaa nyuma kuiendesha. Jivraj mwenyewe alikuwa nyumbani na wageni wake. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, Séraphine akiwa mbele kabisa pamoja na mama yake mudogo Philomène. Na katikati ya wanaume, jamani, nani ameketi? Muzee Sebahire, aliyeshuka kununua chumvi akasikia kwamba mutoto wake ndiye atakayesema. Alikuwa amevaa kofia yake ya pama ya kijivu. Watu wa nyuma walimwomba aivue kwa sababu inawaziba. Alikataa, wakanung'unika, wakahama.

Ferdinand alianza kwa woga, lakini woga ulimwisha upesi. Picha zilikuwa zinasema zenyewe. Kijana kwenye farasi, msichana kwenye kisima, macho yakakutana, na depo nzima ikaguna. Walipoanza kuimba katikati ya miti, Philomène aliuliza kwa sauti kwa nini wanakimbizana badala ya kutuma mushenga, na wanawake wakacheka. Tatizo lilikuwa wazee. Walikuwa wawili, wote wana masharubu, wote wana vilemba, na msichana kila mara alionekana jikoni kwa yule mwembamba, akimpa maji, akimkanda miguu. Ferdinand akawaambia watu kwamba yule mwembamba ni baba ya kijana, na msichana ana adabu sana, anamsaidia mukwe wake kabla ya ndoa. Watu wakamsifu msichana.

Halafu ikafika ile sehemu. Yule muzee mwembamba alisimama uwanjani kwa yule tajiri mnene, watu wote wa harusi wakitazama. Midomo yake ilitetemeka. Akaondoa kilemba chake, akainama, akakiweka chini, mbele ya viatu vya yule mwingine.

Jiulizeni nyinyi, mutu wa Kibati angeelewa nini? Kwetu anayesimama na kuvua kofia ni baba ya kijana, anaomba binti. Hakuna mwingine. Ferdinand aliliamini hilo kama anavyoamini jina lake, na uongo wake ulianzia baadaye, kwenye maneno. Alimwona baba yake pale katikati, uso wake ukimulikwa. Akasema kwamba huyu baba ya kijana anasema hivi: rafiki yangu, ugomvi ni wetu, watoto hawakuwepo, kama mimi ndiye niliyekukosea, kichwa changu hiki hapa. Yule mnene akakipiga kilemba teke. Depo ikalia. Wanawake walilia waziwazi, wakijifuta kwa pembe za vitenge na kumlaani yule mnene na ukoo wake, na wanaume wakakohoa wakisingizia moshi, wakati moshi haukuwepo. Kijana akakimbia, akakiokota kilemba akakibusu. Na Ferdinand aliona kwa macho yake mawili baba yake akishusha mkono polepole, akiiondoa kofia ya pama kichwani, akiikumbatia kifuani kama kuku anayepelekwa sokoni.

Taa zilipowaka Sebahire alikuwa ameshatoka, na chumvi aliisahau.

Jumanne asubuhi alivaa koti, akamchukua ndugu yake mmoja kubeba mtungi, akaenda kwa Habarurema bila kumwambia mtu. Ferdinand alihadithiwa na Séraphine. Baba yake alisimama katikati ya uwanja mbele ya majirani. Alivua kofia, na hakuishia kuivua; aliinama akaiweka chini kwenye vumbi, mbele ya miguu ya Habarurema, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona Kibati. Habarurema aliiokota kofia, akaipangusa kwa kiganja mbele na nyuma, akamvika mwenyewe. Wakanywa. Mwezi ukiisha, watakuja rasmi Sebahire na watu wake, na si wale wa Rutshuru.

Mungu wangu, furaha ile. Ferdinand alipima vitambaa akiimba. Lakini Alhamisi Jivraj alimwita nyuma ya duka, machozi ya kicheko yakimtoka. Tangu asubuhi, alisema, wanawake wa mtaa wa Mabanga wanakuja kumpa pole kwa ajili ya yule baba ya kijana. Baba ya kijana yupi? Yule aliyeweka kilemba ni baba ya msichana. Kwao Uhindini baba ya binti ndiye anayetoa mali, na hana, ndiyo maana anawaangukia wakwe wasimwache mtoto wake. Yule mnene mwenye teke ndiye baba ya kijana. Jumapili sinema inarudiwa, akaongeza, na safari hii atasimama mwenyewe kando ya Ferdinand amrekebishe, maana amekuwa kichekesho.

Jumapili wazee wote wawili walikuwa wamepanga kuja pamoja, Sebahire akiwa amemwahidi rafiki yake kwamba atamwonyesha kile kilichomgusa. Atasikia mbele ya watu wote kwamba ameweka kofia yake vumbini kwa ajili ya kosa la karani. Na huyu ni mutu aliyeshika kinyongo miaka minne kwa sababu ya mtama.

Alimtafuta Séraphine, akamkuta ameshuka kufua ziwani. Alitaka amshauri namna ya kumzuia mzee asije, labda asingizie ugonjwa. Séraphine alikamua nguo, akamwambia kwamba yeye alijua toka Jumapili ile ile. Msichana alikuwa ameweka kichwa chake kifuani kwa yule muzee mwembamba. Binti gani anaweka kichwa kifuani kwa mukwe wake? Hata kumtazama usoni hamtazami. Yule ni baba yake, kitoto kingeona.

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka baba yako avue kofia," alisema Séraphine. "Sasa ameivua. Nenda umwambie ukweli wewe, asije kuambiwa na Muhindi."

Ijumaa Ferdinand alipanda Kibati, akarudi nusu ya njia, akapanda tena. Jumamosi alifika kabisa. Alimkuta baba yake akichunguza kwato za ndama, akangoja amalize, kisha akasema yote kwa mkupuo: kwamba Kihindi hajui, kwamba aliwachanganya wale wazee wa sinema, kwamba yale maneno ya kusema ugomvi ni wetu aliyatunga yeye kwa sababu alimwona ameketi pale. Akapiga magoti, asijue kama atapigwa au atafukuzwa.

Sebahire alimwachia ndama aende zake. Akageuka, akatazama uwanja wake.

"Aliyeweka kilemba chini ni baba ya binti," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Na aliyekipiga teke ni baba ya kijana."

"Ndiyo, Papa. Nisamehe."

Muzee alitikisa kichwa, lakini si kwa kumjibu. Ferdinand alifuata macho yake na kuona anatazama pale mahali kando ya zizi, pale ambapo mtungi wa kasiksi ulikaa siku nyingi ukikaukia juani. Hapakuwa na mtungi tena, palikuwa na majani tu. Uso wa mzee ulikuwa mbaya kuutazama. Alisema Ferdinand ainuke, suruali ya kazi inachafuka, na kwamba kesho aeleze sawasawa, asipunguze kitu.

Jumapili ilijaa kuliko mara ya kwanza. Jivraj alisimama kando ya shuka mikono nyuma. Sebahire na Habarurema walikaa bega kwa bega, kofia zao magotini. Ferdinand alipowaambia watu kwamba yule mwembamba ni baba ya msichana, makelele yalizuka. Wakamwambia wiki iliyopita ulisema vingine, turudishie machozi yetu. Aliendelea hivyo hivyo, jasho likimtiririka mgongoni. Ikafika ile sehemu. Kilemba kikashuka chini, kiatu kikainuka, teke likapigwa, na watu wakaanza kumlaani yule mnene. Philomène aliuliza ni nani mushenzi huyu asiye na moyo.

Ferdinand alifungua mdomo, lakini baba yake alikuwa ameshasimama. Alisimama katikati ya mwanga wa mashine, kivuli chake kikalifunika shuka lote, watu wa Uhindini wakatembea juu ya koti lake.

"Yule ni mimi," alisema Sebahire. "Habarurema alikuja kwangu wa kwanza, na mtungi. Ni mimi niliuacha ukauke."

Mashine iliendelea kukereza nyuma, na kijana wa sinema akakiokota kilemba juu ya mgongo wa mzee bila mtu kumwona. Ferdinand alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili, akimtazama mtu mmoja tu. Habarurema aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa kofia yake mwenyewe, kisha akanyoosha mkono akamvuta mwenzake kwenye pindo la koti.

"Kaa chini, muzee," alisema. "Unatuziba. Tunataka kuona namna mutoto wetu anaolewa."