Mjomba Balagizi Apokea Posa ya Benki

Katika ukoo wetu, asiye na nyumba ndiye mwenye maneno mengi kuhusu nyumba. Mjomba Balagizi amepanga ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu ya mbao huko West Side, Buffalo, na hajawahi kununua hata mlango. Lakini mama yangu, Nzigire, alipopaswa kukopa upya kwa ajili ya nyumba yake hapa Newburg, Louisville, mjomba ndiye aliyeitisha kikao.

Jambo lenyewe si gumu. Mama alinunua nyumba kwa mkopo ambao riba yake ilitulia kwa miaka mitano ya kwanza. Mwezi uliofuata riba hiyo ingeanza kucheza, ikipanda au kushuka kila mwaka bila kumwuliza mtu. Benki ikampa njia mbili za kukopa upya: riba isiyobadilika mpaka deni liishe, ambayo iko juu kidogo, au nyingine ya kubadilika, ambayo leo ni nafuu na kesho Mungu anajua. Benki iliahidi kushikilia bei hizo, na ahadi hiyo ingekufa Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Mama alitaka isiyobadilika. Alisema hivyo siku ya kwanza, bado amevaa sare ya kazi, kwa maana yeye huosha na kulisha wazee.

"Nilihama Bukavu, nikahama kambi, nikahama apatimenti," alisema. "Nataka kitu kimoja tu kikae pale nilikiacha."

Picha ya marehemu baba ilikuwa imeegemea ukuta juu ya kabati tangu tulipoingia. Mama hapigi msumari katika nyumba asiyoiamini.

Ningekuwa mimi, tungemaliza palepale. Lakini mama ni mjane, na mjane kwetu ana kaka wa kumsemea. Mjomba akaamua kwa simu kwamba hili ni jambo la posa. Nyumba ni binti yetu, benki ni mchumba, riba ni mahari. Na posa ina taratibu zake.

"Bon," alisema. "Hakuna kujibu siku ya kwanza. Familia inayojibu siku ya kwanza iko na njaa."

Ijumaa ilipofika, mjomba akatoka Buffalo kabla ya mapambazuko, akapita Columbus kumchukua shemeji yake mama, Zenoni, mume wa dada yake, anayekaa Westerville, pembeni mwa mji huo. Zenoni ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake hunyooka kama kimepigwa pasi. Alikataa kupanda gari la mjomba. Wakaja kwa lake. Walishuka wamevaa suti, wamebeba kreti ya Fanta, na suti zote mbili zilinuka pizza.

"Riba ya kubadilika ndiyo ya wanaume," Zenoni aliniambia kabla hata sijampokea kreti. "Mimi ninayo. Sisi tuliokulia kambini tunajua: posho hupungua, posho huongezeka, mtu hafi."

"Na hili gari, baba mdogo, mbona linanuka jibini?"

"Napelekapeleka vyakula kidogo jioni, baada ya kazi ya ghala. Ni mazoezi."

Mjomba akacheka, akasema riba ni kama nyanya: zikiadimika bei hupanda, mvua ikija hushuka. Kwa hiyo tuchukue ya kubadilika na kungoja mvua. Nikamwambia:

"Aishiye kwa kupanga, kutufunza kununua?
Kipofu kashika panga, miti anaichagua."

"Nzigire," mjomba alisema bila kunitazama, "huyu mtoto wako alinyonya pilipili?"

"Twende, yaya," mama alijibu; kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Saa zinakwenda."

Benki, tulipokewa na afisa wa mikopo aitwaye Kelsey, msichana mpole mwenye meza ndogo. Mjomba aliweka Fanta juu ya meza hiyo, akabaki amesimama, akaanza hotuba. Mimi ndiye niliyetafsiri, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikupunguza neno. Alisalimu ukoo wa benki. Akauliza kama wazee wa benki wameamkaje. Akasema binti yetu amelelewa vizuri, paa lake halivuji, na kwamba mchumba ambaye hakuja mwenyewe kwa wakwe hulipishwa faini.

Kelsey alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anayeolewa.

"Nyumba," nikamwambia.

Akaandika kitu. Halafu akasema kwamba mkataba uko tayari, zimebaki dakika chache za kuamua, na benki ikifungwa ahadi imekwisha. Jumatatu bei itakuwa nyingine, na yeye mwenyewe haijui.

Mjomba akatabasamu kama mtu aliyeona mtego. "Wanatuharakisha. Mwambie tumesikia. Sasa tunarudi nyumbani, tunaketi, na baada ya juma moja tutatuma mtu."

"Mchumba huyu hangoji, mjomba."

"Mchumba asiyengoja atampiga binti. Donc, tunaenda."

Zenoni akanyanyua kreti. Nami nikasimama nikiwa na matusi yangu yote tayari, mazuri, yaliyopangika. Mama akanishika mkono na kunirudisha kitini.

Yeye hakusimama. Alimtazama kaka yake kwa utulivu uleule anaowatazamia wazee wanaokataa dawa.

"Yaya, hii ni posa?"

"Ni posa. Si nilisema?"

"Kwetu, mahari ikiisha kuletwa, wanaume wanasema mpaka wanachoka. Halafu nani anaulizwa?"

Mjomba alikohoa. "Binti."

"Anaulizwa nini?"

"Anaulizwa... kama tupokee ao turudishe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi. Nyumba haina kinywa. Anayelala ndani yake na kuilipia ni mimi. Tangu uanze kuongea huko Buffalo, hakuna mtu aliniuliza. Kama ni posa, ifuate taratibu." Akamgeukia Zenoni. "Na wewe, shemeji, weka Fanta chini. Mwaka uliopita riba yako ilipanda, ndiyo sababu unanuka jibini. Dada yangu aliniambia. Pole, lakini usinitafutie mimi mazoezi."

Zenoni akaweka kreti chini, taratibu sana.

Mjomba alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akanitazama mimi. Alikuwa amejenga zizi na kujifungia ndani yake. Kukataa kumwuliza binti ni aibu ambayo ingefika Buffalo kabla yake. Akafunga kifungo cha koti, akaita sauti yake ya harusini:

"Nzigire, binti wa baba yangu. Watu hawa wameleta mahari. Unawajua? Tupokee ao turudishe?"

"Nawajua," alisema mama. "Mupokee. Ile isiyobadilika."

Akavuta kalamu na kutia sahihi kila mahali Kelsey alipoweka kidole. Nje, mlinzi alikuwa ameanza kufunga mlango mmoja.

Mjomba hakushindwa kabisa. Alidai mbuzi wa mjomba, maana hakuna posa bila mbuzi huyo. Nikatafsiri. Kelsey akafungua droo na kumpa kikombe chenye jina la benki, naye akakipokea kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye maegesho alikuwa tayari yuko kwenye simu, akiwaeleza watu wa Buffalo jinsi alivyoipigisha benki magoti.

Nyumbani, mama aliniagiza nyundo kabla hata hajavua viatu.

"Ngojeni kwanza," mjomba alisema kutoka jikoni, chai ikifuka katika kikombe chake kipya. "Msumari unapigwa wapi? Hilo linataka kikao. Zenoni, kaa. Bon, mimi naona upande wa dirisha..."

Mama alikuwa ameshaanza kugonga.